Hongera kwa Watunza Afya Gerezani

Hukumu ina mwisho. Siku moja lango hufunguliwa, na mfungwa hurudi Ludara, Koboko au Arua, huko West Nile nchini Uganda, alale chumba kimoja na wanawe. Akiwa na kifua kikuu kisichotibiwa, nacho hurudi naye. Kwa hiyo nawapongeza kwa moyo wote wauguzi wa magereza ya Uganda na watafiti wanaoshirikiana nao.

Mtafiti ana maswali. Muuguzi ana imani ya mgonjwa. Haja ya wawili hao kushirikiana ilionekana wazi mwaka 2011, pale shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilipochapisha uchunguzi wake katika magereza 16 nchini, ukaonyesha jinsi matibabu yalivyojikita katika hospitali ya Murchison Bay, Luzira, mbali mno na mgonjwa wa West Nile. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Mandela kuhusu jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa. Kanuni ya 24 inataka mfungwa atibiwe bure, kwa kiwango kile kile cha raia, na tiba isikatike akitoka.

Ahadi hiyo hutimizwa na watu: anayepima makohozi, anayeandika rekodi, afisa wa ustawi wa jamii anayempokea mtu kijijini. Kidole kimoja hakivunji chawa.