Safari ya Wawili kwa Mashua ya Matanga: Ratiba Huanzia Saa ya Kuingia

Mume na mke wanapotaka kuteremka kwa mashua ya matanga kutoka Tanga hadi Kilwa, wakipitia Unguja, Dar es Salaam na Mafia na kushuka kutalii kila panapofaa, swali la kwanza huwa ni lini wang'oe nanga. Hilo ni swali la msafiri wa basi. Basi likishatoka stendi, litafika tu, iwe saa nane au saa kumi na mbili, na stendi ya huko italipokea vilevile. Pwani hii haina ukarimu huo. Kati ya bahari kuu na bandari kuna miamba, na mwamba unaoonekana wazi saa nne asubuhi huweza kuwa umefunikwa saa kumi alasiri, na usiku hauonekani kabisa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba safari ya watu wawili katika pwani ya Tanzania hupangwa kinyumenyume. Saa ya kuingia hutangulia, nayo huamua siku, mwezi na msimu. Saa ya kuondoka huja mwisho, nayo ndiyo jibu la hesabu nzima.

Msimu ndio mwepesi kuumaliza. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Baada yake huja masika, kisha kusi, ambayo ni kali zaidi na hudumu hadi Septemba hivi, mkia wake ukiwa ni demani tulivu. Chini ya upepo kuna mkondo, nao hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unaweza kufika maili 4 za baharini kwa saa. Kaskazi ikivuma hupungua hadi maili 1 au chini ya hapo. Anayeteremka kwa kaskazi basi ana upepo nyuma yake na mkondo dhaifu mbele yake, na akirudi kwa demani, vyote viwili humsukuma. Anayelazimisha kuteremka katikati ya kusi hupigana na vyote viwili kwa pamoja. Wasafiri wa kale walilijua hili. Ibn Battuta alipokuja mwaka 1331 aliteremka kutoka Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, akafika Kilwa, kisha akapanda tena kwenda Dhofar. Safari nzima ilifuata zamu ya pepo hizo.

Uchambuzi wenyewe uko kwenye saa. Saa ya kuingia huamuliwa na jua na maji. Anayekaribia mwamba husoma rangi: buluu iliyokolea ni kilindi, kijani kilichofifia ni mchanga wenye maji ya kutosha au yasiyotosha, na kahawia ni matumbawe yaliyo karibu mno na uso wa bahari. Rangi hizo huonekana jua likiwa juu, au likiwa nyuma ya mtazamaji. Likiwa usoni, bahari yote humeremeta na kuficha kila kitu. Sasa, pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo chombo kinachotoka bahari kuu huingia kikielekea magharibi. Asubuhi jua liko tezi, yaani nyuma, na alasiri liko omo, yaani mbele. Wasaa wa kuingia ni tangu jua lipande hadi saa saba mchana hivi. Upande wa magharibi wa Pemba, zilipo Mkoani na Chake Chake, hesabu hugeuka: anayeingia huko huelekea mashariki, na saa nane mchana humfaa kuliko saa tatu asubuhi. Kanuni ni ileile, ila kisiwa kimegeuza uso.

Maji ndiyo sharti la pili. Siku za bamvua, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4 katika eneo la Unguja na Tanga. Siku za maji mafu hushuka hadi mita 1 hivi. Jambo ambalo wavuvi wanalijua bila jedwali ni kwamba bamvua ina saa zake. Maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku, kisha kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Maji mafu ni kinyume chake: saa nne asubuhi yamejaa, na mchana kutwa yanashuka. Ukiyaweka pamoja jua na maji, jibu linajitokeza lenyewe. Siku za bamvua, chombo kinachoingia kati ya saa tano na saa saba hukuta miamba imejitokeza, jua liko juu, na maji yameanza kupanda. Kikigusa mchanga, maji yanayokuja yatakiinua baada ya muda mfupi. Siku za maji mafu, saa zilezile, miamba imefunikwa na maji yanaondoka, na atakayegusa huenda akasubiri hadi usiku kunyanyuka.

Bamvua ni mbili kwa mwezi, ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Kwa wawili wanaolazimika kupita usiku baharini, ya mpevu ina faida mbili zaidi. Kwanza, mwezi huchomoza jua linapozama na kuangaza hadi alfajiri, na hapo mashua isiyo na taa huonekana kwa mbali. Pili, wavuvi wa dagaa hutumia karabai na taa kuvutia samaki, kazi inayotaka giza. Mwezi ukiwa mpevu wengi wao hupumzika, na bahari hupungua vyombo na nyavu. Siku nzuri za mwezi mzima, basi, zimebaki tatu hivi: siku ya mpevu na mbili zinazofuata.

Tuijaribu kanuni hii kwenye kipande kigumu cha safari, kutoka ghuba ya Chole kisiwani Mafia hadi Kilwa, umbali wa zaidi ya maili 60 za baharini. Chukua chombo cha futi 35, chenye mkuku unaozama mita 1.6, kinachokwenda maili 5 kwa saa. Ukitoa maili 1 ya mkondo zinabaki 4, yaani saa 15 au zaidi, na mchana wetu una saa 12 tu. Lazima usiku mmoja upite njiani. Kuingia Kilwa kunatakiwa kuanzia saa tano asubuhi. Kutoka Chole nako kuna sharti lake: mlango wa Kinasi, wa kutokea ghubani, una mkondo mkali, na maji yakitoka kwa nguvu huku kaskazi inavuma kuelekea ndani, mawimbi husimama wima mlangoni. Hupitwa maji yakiwa yamesimama. Siku ya bamvua maji husimama yakiwa yamejaa, saa kumi alasiri. Wawili hao wakitoka saa hiyo wana mwanga wa saa mbili wa kuiacha miamba nyuma, na wakifuata hesabu ileile watakuwa mbele ya Kilwa saa moja asubuhi au baadaye kidogo. Hapo hupunguza tanga na kuzubaa kilindini hadi miamba ionekane. Hakuna aliyechagua saa kumi kwa kuipenda. Imepatikana kwa kurudi nyuma kutoka saa tano ya kesho yake.

Idadi ya watu ndiyo inayoifanya hesabu hii iwe kali. Mabaharia sita wakikosea saa, wawili watakuwa wamelala vya kutosha kulibeba kosa. Wakiwa wawili, usiku wa saa 12 hugawanywa zamu za saa tatu tatu. Kila mmoja hulala mara mbili, na usingizi wa chomboni si usingizi kamili. Usukani wa kujiendesha hupunguza uchovu wa mikono lakini hauangalii mbele. Asubuhi, saa ya kuingia, zamu hukoma, kwa kuwa mmoja anatakiwa kwenye usukani na mwingine omoni, akisoma rangi na kuelekeza kwa ishara za mkono zilizokubaliwa kabla, kwa sababu sauti hupotea kwenye upepo. Saa zile za kuzubaa nje ya Kilwa kwa hiyo ni za kulala kwa zamu, kabla ya kazi inayowataka wote wawili macho. Usiku wa pili mfululizo usingewaacha na nguvu hiyo.

Pingamizi la kwanza ni la injini na setilaiti: mwenye vyote viwili ana haja gani ya mwezi? Injini husaidia kwenye mlango mwembamba, lakini haibadili hesabu ya mkondo. Chombo kinachosukumwa maili 5 kwa saa dhidi ya mkondo wa maili 3 husonga maili 2, na bado mawimbi ya kusi hayajahesabiwa. Setilaiti nayo hueleza kwa usahihi chombo kilipo. Haithibitishi kwamba ramani ya bahari iko sahihi kiasi hicho. Sehemu za ramani za pwani hizi zina asili katika upimaji wa zamani, na kwenye mdomo wa Rufiji mchanga huhama. Kwa upande mwingine, wanandoa Lin na Larry Pardey waliteremka pwani ya Meksiko na Amerika ya Kati kwa Seraffyn, mashua ya futi 24 waliyoijenga wenyewe na kuizindua mwaka 1968, isiyo na injini kabisa, na hatimaye wakaizunguka dunia. Asiye na injini hana budi kuchagua saa. Mwenye nayo hujidanganya kwamba anaweza kutochagua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wenyeji huingia na kutoka kila siku ya mwezi, na tena bamvua ndiyo yenye mikondo mikali. Kwa nini mgeni aikimbilie? Kuhusu wenyeji, ngalawa huelea kwenye maji ya magotini, na ikikalia mchanga haidhuriki. Mkuku wa mita 1.6 hauna uhuru huo. Nahodha wa jahazi kubwa lililosheheni husubiri maji kama mtu mwingine yeyote. Kuhusu mikondo, ni kweli, na kwa anayekaa ndani ya ghuba akiogelea na kupiga mbizi, maji mafu ni bora. Lakini mkondo wa bamvua una saa zinazojulikana, unaweza kukwepwa kwa kusubiri, ilhali mwamba uliofunikwa na maji yanayoshuka hauna saa ya kukwepwa. Kati ya hatari hizo mbili, ile yenye ratiba ndiyo ya kuichagua.

Iko pia lawama kwamba mpango wa namna hii unageuza mapumziko kuwa kazi. Mambo ni kinyume. Siku za kuvuka zikishafungwa kwenye bamvua, siku nyingine zote za mwezi ni za kutembea, na maji yaleyale huongoza matembezi. Magofu ya Kua kisiwani Juani na ya Songo Mnara hufikiwa kwa urahisi maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, mgeni hukanyaga tope la mikoko. Siku za maji mafu, yanapojaa saa nne asubuhi, ndizo zinazofaa kwa ziara hizo, yaani siku zilezile ambazo chombo hakitakiwi kusafiri. Papa potwe nao huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, kipindi kinachojumuisha msimu wote wa kaskazi.

Kwa hesabu hii, safari ya Tanga hadi Kilwa inaweza kupimwa kabla ya kununua hata kamba. Kaskazi ina miezi mipevu minne hivi. Safari za lazima za usiku ni mbili, kutoka Dar es Salaam hadi Mafia na kutoka Mafia hadi Kilwa. Vipande vingine huenda kwa mchana. Mpango unaotumia mipevu miwili na kuweka miwili akiba kwa ugonjwa, upepo mbaya au tanga lililochanika ni mpango mzuri. Mwenye likizo ya wiki mbili asijaribu kuubana. Achague pembetatu ya Tanga, Pemba na Unguja, aianze siku ya mpevu, na Kilwa aiachie mwaka atakapokuwa na miezi ya kutosha.