Deni la Shujaa

Katika maduka ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mikoba ya shule na fulana za watoto huuzwa zikiwa na picha ya Spider-Man, kijana wa Kimarekani apandaye kuta kama buibui. Wako wanaoguna waionapo, wakisema kwamba sasa tumeazima hata mashujaa. Lawama hiyo ina haki yake, lakini inalipita swali lililo zito zaidi: ni kitu gani kimfanyacho shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu apendwe na watu wasio na hata chembe ya nguvu hizo? Jibu letu ni kwamba nguvu humfanya shujaa atazamwe, bali deni lake kwa watu ndilo limfanyalo akumbukwe.

Tumtazame kwanza Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ni jitu la vita. Hakuna silaha imwuayo isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Lakini angalieni jinsi hadithi inavyokwenda. Mikono iliyotisha majeshi inafungwa pingu gerezani, na amkomboaye ni mama yake, kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi hawakuutamani. Hatimaye mwanawe, akiwa amedanganywa kwa ahadi za mfalme, anamwuliza siri ya kifo chake. Liyongo anaitambua hila, na bado anaitoa siri kwa kuwa mwulizaji ni mwanawe. Hapo ndipo msikilizaji ashikwapo moyo. Sindano ilipita kitovuni, lakini njia yake ilifunguliwa na ubaba. Lau utenzi ungalihesabu maadui waliouawa tu, tusingalikuwa na sababu ya kuurudia.

Kwa mizani hiyo hiyo tumpime Willy Gamba, mpelelezi aliyeletwa na Elvis Musiba katika riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974. Wahakiki wengi walimdharau kuwa ni nakala ya wapelelezi wa Ulaya, na ni kweli kwamba bastola, magari na wanawake warembo vimetoka huko. Lakini msomaji wa Dar es Salaam wa miaka ile alijua jambo ambalo msomaji wa London hakulazimika kulijua. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika jiji hili tangu mwaka 1963, na wapigania uhuru walikuwa majirani wa kupishana nao njiani. Kila risasi ya Willy ilikuwa na deni nyuma yake. Palipo na deni hilo riwaya inasimama. Palipobaki umahiri wa kupiga na kupendwa, Willy anakuwa mwepesi kama karatasi.

Hata yule kijana wa buibui, aliyebuniwa mwaka 1962, hakupendwa kwa utando wake. Alimwacha mwizi apite kwa kutojali, na mwizi huyo akamwua amu yake aliyemlea. Tangu siku hiyo analipa, huku akihangaikia pesa za kumtunza mjane wa amu yake. Kijana apangaye chumba Kariakoo na kutuma nauli kwa shangazi kijijini haambiwi maana ya jambo hilo.

Basi waandishi wetu wanaotaka kumbuni shujaa wa nchi hii wasianze kwa kumtafutia mbawa. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao walibeba shehena za vita vya wengine, na maelfu yao wakafa bila ya majina yao kuandikwa popote. Kitongoji kilichoitwa kwa mizigo ya watu hakikosi shujaa. Kinamngoja mwandishi atakayeuliza kwanza shujaa wake anadaiwa nini, na nani, kabla ya kuuliza ana uwezo gani.