Mkono wa Shukrani na Ujira wa Mtenda Kazi: Uhakiki wa Kazi ya Msanii Mkaazi katika Idara ya Usafi ya Jiji la New York

1. Utangulizi

Wahenga wetu walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikusudii kumfukuza mgeni. Yaeleza jinsi mgeni anavyogeuka kuwa mwenyeji: haitoshi alale nyumbani mwetu na kula chakula chetu, yampasa aingie nasi shambani. Twaanza na methali hii kwa sababu makala yetu yahusu utaratibu ulioenea katika nchi za Magharibi, ambapo msanii hualikwa kukaa kwa muda mahali fulani, iwe ni mtaa wa watu maskini, hospitali, gereza au idara ya serikali, kwa matumaini kwamba kukaa kwake kutazaa kazi ya sanaa na pia badiliko katika maisha ya watu wa mahali pale. Msanii wa namna hii tutamwita msanii mkaazi.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na theolojia. Jibu letu ni kwamba neno kukaa si neno geni katika imani yetu. Mwinjili Yohana, alipotaka kueleza jinsi Mungu alivyotuokoa, hakutafuta neno kubwa zaidi ya hilo (Yoh. 1:14). Kanisa nalo hutuma watu wakae mahali: mchungaji usharikani, mwinjilisti mtaani, mwanafunzi kwenye mazoezi ya utumishi. Kwa hiyo anapotokea mtu asemaye kwamba amekaa na watu kwa ajili ya watu, yatupasa kumsikiliza kwa makini na kumpima kwa haki. Tumemchagua Mierle Laderman Ukeles, kwa maana kazi yake yagusa moja kwa moja fundisho la wito, ambalo sisi Walutheri twajisifia kuwa ni urithi wetu.

2. Kazi yenyewe

Ukeles alizaliwa Denver, Marekani, mwaka 1939, binti wa rabi wa Kiyahudi. Baada ya kupata mtoto wake wa kwanza aliona kwamba siku zake zimegawanyika. Kama msanii alisifiwa kwa kutengeneza vitu vipya. Kama mama alitumia saa nyingi kufua, kupika, kufuta na kupanga, na hakuna aliyemsifu kwa hayo. Mwaka 1969 aliandika tamko akadai kwamba kazi za kutunza, yaani zile zinazorudiwa kila siku ili maisha yaendelee, nazo zihesabiwe kuwa sanaa. Mwaka 1973 alipiga magoti akasafisha kwa maji ngazi na sakafu za jumba la makumbusho huko Hartford, mbele ya watu waliokuja kutazama sanaa.

Mwaka 1977 Idara ya Usafi ya Jiji la New York ilimpokea awe msanii wake mkaazi, bila mshahara. Jiji lilikuwa halijapona shida kubwa ya fedha iliyolipata mwaka 1975. Kuanzia Julai 1979 hadi Juni 1980 Ukeles alizunguka wilaya zote za jiji. Alfajiri alifika vituoni wakati wafanyakazi wakiitwa majina kabla ya kwenda kazini, kisha akafuatana nao barabarani, akiiga hatua zao na namna walivyoinama na kunyanyua. Kusudi lake lilikuwa kumpa mkono kila mfanyakazi wa idara ile, wapatao 8,500, na kumshukuru uso kwa uso kwa kuliweka jiji hai. Kazi hiyo ilichukua miezi kumi na moja.

Katika kuzunguka huko alisikia mengi. Wafanyakazi walimsimulia matusi waliyotukanwa na wenye nyumba ambao taka zao walizibeba. Mwaka 1984 majina yale ya matusi yaliandikwa kwenye vioo vya jengo la maonyesho, na watu wa tabaka mbalimbali wakaalikwa kuyafuta. Kabla ya hapo, mwaka 1983, gari la taka lilifunikwa vioo ubavuni, likapita barabarani ili kila aliyelitazama ajione mwenyewe. Fundisho lake halihitaji mfasiri: taka hazina mwenyewe mwingine ila sisi tunaozitupa.

3. Nguvu ya kazi hii

Nguvu ya kwanza ni kwamba Ukeles hakuwaendea wafanyakazi akiwa na badiliko mkononi. Hakuja kuwafundisha usafi. Alikiri kwamba jambo jema lilikuwa linatendeka kabla yeye hajafika, naye akaja kulitambua. Wageni wengi waletao maendeleo kwetu huanza kwa kuorodhesha yale tusiyo nayo. Huyu alianza kwa kuhesabu yale yaliyokwisha kutendwa.

Nguvu ya pili ni muda. Uhusiano wake na idara ile umedumu kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2015 Jiji la New York lilianzisha mpango wa kuweka wasanii katika idara zake mbalimbali kwa kufuata mfano wake. Lakini ukaazi wa namna hiyo, huko na kwingineko, mara nyingi hupimwa kwa mwaka mmoja au miwili. Mwaka mmoja watosha kuandaa maonyesho. Ni vigumu sana utoshe kwa mtu kuambiwa neno ambalo mwenzake amelificha moyoni tangu ujana wake.

Nguvu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Katika maandiko yake ya mwaka 1520 Martin Luther alifundisha kwamba Wakristo wote wana hadhi moja mbele za Mungu, na kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja amepewa kazi ya kumtumikia jirani yake. Mwaka 1522, alipoandika juu ya ndoa, alimtetea hata baba anayefua nepi za mtoto: watu wamcheke wapendavyo, Mungu na malaika wanamfurahia. Ungamo la Augsburg, ibara ya 26, lalalamika kwamba kazi za baba, mama na mtawala zilidharauliwa kuwa za kidunia, huku desturi zilizobuniwa na wanadamu zikitukuzwa kuwa za kiroho. Ukeles si Mkristo, wala hatudai kwamba alijifunza kwa Luther. Lakini mama huyu, akiwa na nepi mikononi, alifika kwenye mlango uleule, na yafaa tuone haya kidogo kwamba alifika akiwa na bidii kuliko sisi wenye funguo.

4. Udhaifu wake

Hata hivyo uhakiki wa kweli hauishii kwenye sifa. Kwanza, shukrani si ujira. Mtume Yakobo awakemea wale wamwambiao ndugu mwenye njaa maneno ya heri bila kumpa chakula (Yak. 2:15-16), na baadaye asema kwamba ujira uliozuiliwa wapaza sauti mbele za Mungu (Yak. 5:4). Historia ya wazoa taka wa Marekani yenyewe yatukumbusha jambo hili. Februari 1968 wazoa taka wapatao 1,300 wa mji wa Memphis, karibu wote wakiwa Waamerika Weusi, waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa hadi kufa ndani ya gari la taka. Mabango yao yalidai kutambuliwa tu kwamba wao ni watu. Mchungaji Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili 1968. Siku kumi na mbili baadaye halmashauri ya mji ilikubali kukitambua chama chao na kuwaongezea mishahara. Badiliko hilo halikuletwa na maonyesho ya sanaa.

Kwa haki lazima tuongeze kwamba wafanyakazi wa New York walikuwa na chama chenye nguvu tangu kabla ya Ukeles. Mzigo waliomsimulia ulikuwa dharau zaidi ya njaa. Yeye aliwalipa deni walilokuwa wakidai. Kosa litakuwa letu tukiuchukua mkono wake wa shukrani na kuupeleka mahali ambapo deni la kwanza, yaani ujira, bado halijalipwa.

Pili, wanaosoma habari za kazi hii wanalijua jina la Ukeles. Majina ya wale 8,500 hawayajui. Aliyetumikia anabaki katika hesabu, na aliyemshukuru anabaki katika historia. Hatusemi kwamba alikusudia hivyo. Ndivyo ulimwengu wa sanaa ulivyojengwa: hauna rafu ya kuweka majina mengi. Lakini yeyote akaaye na watu kwa ajili ya watu ajiulize ni jina la nani litakalobaki atakapoondoka.

Tatu, yuko msanii mwingine aliyesukumwa mbele zaidi na watu wenyewe. Rick Lowe, mchoraji wa Houston, alichora picha zilizoonyesha taabu za watu wake. Kijana mmoja wa shule alimwambia kwamba taabu hizo wanazijua tayari, akamwuliza mbona asibuni dawa yake. Mwaka 1993 Lowe na wasanii wenzake sita, wote Waamerika Weusi, walianzisha mradi katika nyumba ndogo 22 zilizochakaa, zilizopangana kwa safu katika mtaa wa Third Ward. Baadhi wakazifanya mahali pa wasanii wakaazi, na nyingine makao ya akina mama vijana waliokuwa wakisoma na kulea watoto. Hapa jembe halikutolewa na mwenyeji kwa upole tu. Lilitolewa kwa karipio, na mgeni akalipokea. Ukeles aliwasikiliza wafanyakazi, lakini Lowe alikubali kugeuzwa na aliyemsikia. Kwa kipimo hiki twamwona Lowe amekwenda hatua moja zaidi.

5. Kwetu sisi

Tusingeandika makala haya kama jambo hili lingekuwa la New York na Houston peke yake. Tunakumbuka mahafali ya chuo kimoja cha kanisa ambamo tuliketi jukwaani. Risala ilimshukuru mgeni rasmi, wafadhili, walimu, kwaya, na hata waliokopesha viti. Nje ya mlango alisimama mzee aliyekuwa amesafisha vyoo na kufagia kanisa la chuo kwa miaka yote tuliyofundisha pale. Alishika fagio lake, akingoja tuondoke. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumesahihisha mitihani juu ya fundisho la Luther kuhusu wito. Tulipotaka kumsalimu kwa jina tulitambua kwamba hatulijui; sote tulizoea kumwita Babu. Na tulipouliza ofisini analipwa kiasi gani, tuliambiwa kwamba yeye ni kibarua, malipo yake hutegemea kilichobaki. Kosa lile hatumtwiki mtu mwingine. Lilikuwa letu sisi tuliofundisha.

Lugha yetu yenyewe yatushuhudia. Katika sharika zetu, tukisema kwamba fulani ana wito, wasikilizaji huelewa kwamba atakuwa mchungaji, mwinjilisti au shemasi. Tukisema mtumishi, twamaanisha aliye madhabahuni, huku afagiaye madhabahu tukimwita kibarua. Hivyo tumelirudisha neno mahali palepale Luther alipolitoa. Alivunja ukuta wa nyumba ya watawa, nasi tukaujenga upya kwa msamiati.

Kwa hiyo, twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi aendaye usharikani kwa mazoezi aanze wiki yake ya kwanza pamoja na mfagiaji na mlinzi, kabla ya kupanda mimbarani. Asiende kuwahubiria, aende kujifunza majina yao na kazi yao. Pili, baraza la wazee na mtunza hazina wanapopanga bajeti, ujira wa watu hawa uandikwe kati ya matumizi ya lazima, wala usiachwe uwe makombo ya sadaka. Tatu, hayo yakiisha kutendeka, ndipo washukuriwe kwa majina mbele ya usharika. Twasisitiza utaratibu huu. Shukrani ikitangulia ujira yaweza kuwa njia ya kuukwepa. Na ujira bila shukrani humwacha mtu akiwa ameshiba na kudharauliwa.

6. Hitimisho

Kazi ya Ukeles haikuwapa wazoa taka haki ambayo hawakuwa nayo, wala haikuyahifadhi majina yao. Pamoja na hayo twaihesabu kuwa kazi ya kweli, kwa sababu alikaa, alifuata hatua za watenda kazi, na hakuona haya kushika mikono ambayo wengine waliiogopa. Bwana wetu alikwenda mbali zaidi: alijifunga kitambaa akaosha miguu (Yoh. 13:4-5), na kuosha miguu ilikuwa kazi ya mtumwa. Sisi tuliopewa mfano huo hatuna udhuru wa kusubiri msanii kutoka mbali aje kutuonyesha nani anafagia nyumba ya Mungu.

Yule mzee alifariki kabla hatujarudi chuoni pale. Jina lake tulilijua siku ya maziko, liliposomwa katika wasifu wa marehemu.