Ufundi wa Mwalimu wa Darasa la Tatu

Katika shule za msingi za Tanzania, darasa la tatu ndipo mtoto aliyekaa miaka miwili akijifunza kusoma huanza kudaiwa asome ili ajifunze mambo mengine. Tangu mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo yamejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Akishaingia la tatu, masomo humjia kwa mkupuo, kila moja na kitabu chake, na katika mtaala ulioboreshwa, ambao darasa hilo lilianza kuutumia Januari 2024, hukutana na Sayansi, Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili, pamoja na Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Mtafiti wa Marekani Jeanne Chall, aliyeandika mwaka 1983 juu ya hatua za ukuaji wa usomaji, aliuona mpaka mkubwa wa safari ya msomaji karibu na umri huohuo. Anayemvusha mtoto hapo ni mwalimu asiyetajwa sana matokeo ya mitihani yanapotangazwa, ingawa bila yeye matokeo hayo yasingekuwapo.

Uzito wa kazi hiyo huonekana vizuri katika mahali kama Murukulazo, mkoani Kagera, katika wilaya ya Ngara inayopakana na Burundi na Rwanda, ambako watoto wengi hufika shuleni wakiwa wamelelewa katika Kihangaza, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika lugha za ukoo huo sauti za r na l hupokezana bila maana kuharibika, na hata jina la mahali penyewe huandikwa mara Murukulazo, mara Murukurazo. Lakini katika Kiswahili tofauti hiyo ndiyo inayotenga kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari. Mwalimu aliyeiva, akikuta karamu palipotakiwa kalamu katika imla, yaani zoezi la kuandika maneno yanayosomwa kwa sauti, haoni uvivu wala uzito wa masikio. Huona kwamba mtoto ameandika kwa uaminifu kile ambacho sikio lake limezoea kukisikia. Kwa hiyo humwekea ubaoni sentensi mbili zinazotofautiana kwa herufi hiyo moja tu, humwacha acheke jinsi mtu anavyoweza kuandikia karamu, kisha humrudisha kwenye daftari. Tena mtoto huyo ana akiba kubwa ambayo mwalimu mgeni huweza kuipita bila kuiona: upatanisho wa ngeli, yaani namna nomino inavyoamuru viambishi vya maneno yanayoifuata, ambao huwatesa wageni wazima wanaojifunza Kiswahili, yeye anao tangu nyumbani, na kinachobaki ni kumwonyesha sura yake nyingine.

Sikio hilohilo la mwalimu ndilo linalohitajika katika Hisabati, na pengine zaidi. Mtoto akiambiwa aandike mia tatu na tano kwa tarakimu, mara nyingi huandika 3005, na kosa hilo lina mantiki kamili, kwa kuwa amesikia mia tatu akaandika 300, kisha amesikia tano akaiongeza mwishoni. Anachokosa ni thamani ya nafasi, yaani kanuni kwamba tarakimu hupata ukubwa wake kutokana na mahali inaposimama, na kwamba sifuri hushika nafasi ambayo haina kitu ili jirani zake wasihame. Hakuna maelezo ya mdomo yanayotosha hapa. Ndiyo maana mwalimu huleta vihesabio, vijiti au vizibo vya soda, vijiti kumi vikafungwa kuwa kifurushi, vifurushi kumi vikafungwa kuwa mia, hata mtoto aone kwa macho kwamba katika 305 fungu la makumi halina kifurushi hata kimoja. Anayeiruka hatua hiyo hulipia baadaye kwenye kutoa kwa kukopa: katika 402 kutoa 178, mtoto asiyeelewa hutoa tarakimu ndogo katika kubwa popote aionapo, akapata 376 badala ya 224. Alama ya kosa inayochorwa kwa wino mwekundu haimwambii chochote. Swali la mwalimu, “Hapa ulifanyaje?”, humfungulia mlango, kwa sababu humlazimu aitamke kanuni aliyojitungia mwenyewe na kuiona inavyovunjika.

Jiografia nayo, katika umri huu, huanzia mlangoni. Mtoto huchora njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, na ramani, yaani mchoro wa mahali kana kwamba panatazamwa kutoka juu, humwingia akilini kwa njia anayoikanyaga kila siku. Kisha mwalimu humwongezea mto: Ruvubu hutoka Burundi, hupita Ngara, hukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji hayo huwa mto Kagera, huingia Ziwa Viktoria, na mwisho wa yote hufika Misri kwa jina la Nile.

Haya yote hufanyika katika vyumba vyenye watoto wengi, na si wote wanaofika wakiwa tayari. Vipimo vya mpango uitwao Uwezo, vilivyoanza nchini mwaka 2010 kwa kuwapa watoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili, vimekuta wengi walio la tatu na zaidi wasioweza kuisoma. Hivyo mwalimu huyu hufundisha madarasa mawili ndani ya moja. Hata hivyo, katika shule nyingi wazoefu hupelekwa la nne, lenye upimaji wa kitaifa, na la saba, lenye mtihani wa kumaliza, huku la tatu likiachiwa atakayebaki. Huko ni kukosea. Walimu wakuu wanaogawa madarasa kila Januari na wampe darasa la tatu mwalimu wao msikivu kuliko wote, wamwache nalo miaka kadhaa. Na mzazi, hata asiyejua kusoma, amwombe mwanawe amsomee ukurasa mmoja kila jioni.