Tashbihi katika Insha za Wanafunzi wa Bukoba na Muleba

Mwanafunzi wa Bukoba au wa Muleba hukutana na tashbihi za lugha tatu. Kihaya amekinyonya nyumbani; Kiswahili hukisomea shule ya msingi; kisha sekondari Kiingereza humjia na orodha yake ya kukaririwa, ambamo mtu mtulivu hufananishwa na tango, asiyeona na popo (ingawa popo huona), na kitu cheupe na theluji. Orodha hiyo huhesabiwa kuwa ni sarufi, kumbe ni mazoea tu. Amfananishaye mtu mtulivu na boga hakuvunja kanuni yoyote ya Kiingereza. Ameacha msemo uliokwisha kuganda, na Mwingereza atamcheka.

Tabu huanza hukumu hiyo ihamishiwapo katika Kiswahili. Theluji yenyewe haina ubaya: ni neno lililotoka Kiarabuni zamani, na msomaji wa Biblia hulikuta katika Isaya 1:18. Lakini kijana aandikaye kuwa watu walijaa uwanjani kama senene hastahili kuambiwa aandike siafu, eti kwa kuwa siafu ndio waliozoeleka vitabuni. Senene huijia Kagera kwa wingi hasa mwezi wa Novemba, huvutwa na mwanga wa taa, na aliyepata kuwaona usiku hahitaji kufafanuliwa maana ya kujaa. Kumnyima kijana tashbihi hiyo ni kumfundisha kuwa Kiswahili si mali yake.

Linalostahili wino mwekundu ni jingine. Kijana huyo akiandika, “Walishuka kilimani kama senene wanashuka,” amekosa. Neno “kama” likifuatwa na jina hutosha peke yake, likifuatwa na kitenzi cha kulinganisha, kitenzi hicho hudai kirejeshi: “kama senene washukavyo.” Pasipo “-vyo”, msomaji aweza kudhani kuwa “kama” hiyo ni ya sharti, na kwamba watu hao hawashuki mpaka senene washuke kwanza! Waingereza nao wana ugomvi wa jinsi hii. Wao wana maneno mawili, moja la kutangulia jina na moja la kutangulia sentensi, na mwaka 1954 tangazo la sigara za Winston huko Marekani lililaumiwa vikali na walinzi wa lugha kwa kuliweka la kwanza mahali pa la pili. Kiswahili kina neno moja, na kazi yote ya kutenganisha imeachiwa silabi moja katika kitenzi. Ndiyo maana kuidondosha si jambo dogo.

Kosa la pili ni la upatanisho. “Nguvu zake ni kama simba” hulinganisha nguvu na mnyama, ilipasa iwe “kama za simba”, kama vile “sauti yake ni kama ya simba.” Kosa hili halifai kusingiziwa Kihaya, maana nacho kina ngeli na viunganishi vipatanavyo na majina. Vivyo hivyo husemwa “mithili ya” na “mfano wa”, wala si kinyume chake.

Hata hivyo, “Ana nguvu kama simba” ni sahihi, kwani hapo mwenye kulinganishwa na simba ni mtu mwenyewe. Msahihishaji alazimishaye “za” katika sentensi hiyo amesahihisha kisicho kosa.