Gundi ya Mgunga

Kahama imezoea kutafuta mali chini ya ardhi. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na hata baada ya uchimbaji kwisha, ukilitaja jina hilo watu huwaza shimo. Macho yangu huvutwa na migunga ya ukanda huu wa Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, uliwarudisha wananchi kwenye ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili yapumzike, na miti mingi ikachipua humo yenyewe, bila kupandwa.

Migunga hiyo hutoa gundi, na nyingine hujitokea yenyewe pale mdudu alipotoboa gome. Anayeigema anahitaji mkono mwepesi. Kiangazi, majani yakishapukutika, huinua ukanda mwembamba wa gome na kuuvuta bila kugusa mti wa ndani. Akizidisha kina, anauumiza mti bure. Kisha huondoka, arudi baada ya wiki kadhaa utomvu ukishaganda madonge.

Wachambuaji ndio ninaowastahi zaidi. Donge hushikwa juani, likageuzwa, gome likabanduliwa kwa ukucha; lenye mchanga huwekwa kando. Gundi nzuri ya Acacia senegal ina rangi ya kaharabu hafifu, na ikivunjwa hukatika kama kioo. Mzoefu haichanganyi na ya mgunga mwingine, maana mtengeneza dawa anataka aina moja, safi.

Anaitaka kwa sababu gundi hii huyeyuka kwa wingi majini bila kuwa nzito. Protini yake, takriban asilimia 2 tu, hushika matone ya mafuta, na minyororo yake ya sukari huyazuia yasirudi kuungana. Kwa hiyo dawa ya mafuta hukaa ndani ya maji bila kujitenga. Hushikamanisha pia unga wa vidonge.

Ukiimeza, utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Hufika nzima kwenye utumbo mpana, ambako bakteria wazuri huichachusha na kuacha butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo huo. Wafamasia wametumia njia hiyo hiyo kwa gundi ya guar na pektini: huivika dawa gamba la nyuzinyuzi linalopita tumboni salama, hadi bakteria walile kule kwenye vidonda vya utumbo mpana.

Na figo nazo. Utafiti uliochapishwa 1996, kwa wagonjwa wa figo waliokula protini kidogo, ulionyesha kwamba gundi ya mgunga ilipunguza urea kwenye damu. Bakteria waliostawi kwa gundi hiyo waliichukua naitrojeni, ikatoka na choo.