Nai, Zumari na Pumzi ya Mwimbaji

Ndugu msomaji, usinihukumu kabla hujanisikiliza. Utauliza: shekhe na ala za kupuliza, wapi na wapi? Lakini vitabu tulivyosomeshwa vyuoni vimeligusa jambo hili. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, Imamu Rafii aliiruhusu filimbi ya mchungaji, na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, akasema katika Minhaji kuwa lililo sahihi zaidi ni kuiharimisha. Khitilafu hiyo si mimi wa kuimaliza, na mwenye kujizuia ana hoja yake. Leo nasema na yule ambaye taarabu keshaialika arusini kwake.

Nai ni mwanzi tu, wa pingili tisa, matundu sita mbele na moja nyuma. Hauna ulimi, mpulizaji huuinamisha mdomoni na pumzi ikapasuka ukingoni, ndipo sauti yake ikawa nusu mlio, nusu upepo. Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, kilifuata mfano wa Misri, na takhti ya Kimisri ni udi, kanuni, fidla, nai na rika. Zingatia hapo. Nyuzi zaweza kulia usiku kucha. Nai peke yake, kama mwimbaji, lazima ivute pumzi. Kwa hiyo mpulizaji mwema humwachia mwimbaji ubeti wake, huingia mstari unapokwisha, akamjibu, akanyamaza.

Zumari ni jambo jingine. Ina ulimi wa ukuti, na mpigaji hujaza mashavu huku akivuta pumzi kwa pua ili mlio usikatike. Katika kirumbizi cha Lamu, uwanjani, vijana wakichezeana fimbo na ngoma zikirindima, haina mfano wake. Iingize ukumbini pamoja na udi, utasikia zumari tu. Kosa ni la aliyeileta ndani.

Kodiani nayo imefanya kazi kubwa Unguja, sikatai. Lakini vitufe vyake vimekwisha kuamuliwa na fundi, na maqamu ya bayati na rasti yana sauti zinazokaa baina ya kitufe na kitufe. Nai huzipata kwa kuinamisha kichwa na kufunika nusu ya tundu.

Kisha kikaja kinanda cha umeme, chenye kitufe cha sauti ya nai! Nimekisikiliza kwa insafu. Mlio wafanana, naam, lakini nai hiyo haichoki, haivuti pumzi, haimsubiri mtu. Mwimbaji huikimbilia, na maneno yakamezwa. Waulize waliotoka arusini shairi lilisema nini. Watakuimbia kiitikio, na beti hawazijui. Na aliyetunga alikesha kuzipima vina na mizani.

Basi ukialika kikundi, uliza kwanza kama wana mpulizaji wa nai. Wakiwa hawana, waambie kinanda wakiache nyumbani, waje na udi na rika.